Macho ya nyoka (kutoboa ulimi)

Macho ya nyoka ni jina la aina moja ya kutoboa [[ulimi]] kwa ajili ya pambo. Tundu hupitishwa kwa mlalo karibu na ncha ya ulimi, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndani yake huvalishwa kipini kimoja chenye kitufe kila mwisho. Mtu anapotoa ulimi nje, vitufe hivyo viwili huonekana kwenye pembe mbili za ncha kama macho ya nyoka, na huko ndiko jina lilikotoka.

Aina hii si ya kawaida. Watu wengi waliotobolewa ulimi wana tundu moja la wima, linalotoka juu ya ulimi hadi chini yake katikati kabisa. Tofauti kati ya wima na mlalo si ya sura tu. Tundu la wima hupita kati ya nusu mbili za ulimi, lakini la mlalo huzipenya zote mbili na kuzifunga pamoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini macho ya nyoka huchelewa kupona, kwa nini huumiza meno na ufizi, na kwa nini watoboaji wengi wenye mafunzo hukataa kuifanya hata mteja akiomba.

## Aina za kutoboa ulimi

Aina zinazojulikana zaidi ni hizi:

* Wima ya katikati: kipini kilichonyooka hupita katikati ya ulimi, mbele ya utando mwembamba unaoushikiza ulimi na sakafu ya kinywa. Ndiyo aina ya kawaida na ndiyo inayopona kwa urahisi zaidi.
* Jozi ya wima: matundu mawili hutobolewa sambamba, moja kila upande wa mstari wa katikati. Kila tundu hupita kwenye misuli, kwa hiyo maumivu na uvimbe huwa vikubwa zaidi kuliko katika aina ya kwanza.
* Utando wa chini ya ulimi: pambo dogo huvalishwa kwenye utando wenyewe. Tishu yake ni nyembamba, na mara nyingi pambo husogea polepole hadi kutoka.
* Macho ya nyoka: tundu moja la mlalo kwenye ncha.

Kutoboa ulimi kusichanganywe na kupasua ulimi, yaani kuukata sehemu ya mbele ili uwe na ncha mbili. Huo ni upasuaji, na hatari zake ni nyingine.

## Muundo wa ulimi

Ulimi wa binadamu umeundwa na aina 8 za misuli. Aina 4 ziko ndani ya ulimi wenyewe na kazi yake ni kuubadilisha umbo: kuurefusha, kuufupisha, kuukunja na kuubapa. Aina 4 nyingine zimeshikamana na mifupa iliyo nje ya ulimi, na kazi yake ni kuusogeza mbele, nyuma, juu na chini.

Katikati ya ulimi kuna ukuta wa tishu ngumu unaougawa katika nusu ya kulia na ya kushoto. Misuli hupatikana kwa jozi, moja kila nusu, na nusu hizo zinaweza kufanya kazi kwa kiasi fulani bila kutegemeana. Watu waliopasuliwa ulimi wanadhihirisha jambo hilo, kwa kuwa wengi wao hujifunza kusogeza kila ncha peke yake.

Kila nusu ina [[ateri]] na [[vena]] zake. Vena mbili zinaonekana kwa macho kama mistari ya buluu mtu akiinua ulimi mbele ya kioo. Ulimi pia una [[neva]] nyingi: za kuusogeza, za kuhisi mguso, joto na maumivu, na za kuonja. Ncha ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye hisia kali zaidi.

Wingi wa damu una faida na hasara. Vidonda vya ulimi hupona haraka kuliko vidonda vya ngozi, lakini ulimi pia huvimba sana na unaweza kutoka damu nyingi ukijeruhiwa mahali pabaya.

Ncha ya ulimi hufanya kazi karibu wakati wote. Katika [[Kiswahili]], sauti kama t, d, n, l, r, s, z, th na dh hutamkwa kwa ncha au sehemu ya mbele ya ulimi. Ncha hiyo hiyo husukuma chakula na kusafisha meno baada ya kula.

## Historia

Kutoboa ulimi kulianza kama ibada. Kati ya [[Wamaya]] wa Amerika ya Kati, watawala na wake zao walijitoboa ulimi ili kutoa damu kama sadaka. Mfano maarufu ni jiwe la kizingiti cha juu ya mlango kutoka mji wa Yaxchilan, katika jimbo la Chiapas nchini [[Meksiko]]. Linamwonyesha malkia K'abal Xook akipitisha kamba yenye miiba ndani ya ulimi wake huku mumewe, mfalme wa mji huo, akimshikia mwenge. Maandishi yake yanataja ibada ya mwaka 709 BK. Jiwe hilo lilipelekwa [[London]] na Mwingereza Alfred Maudslay katika miaka ya 1880, na sasa limo katika [[British Museum]]. [[Waazteki]] nao walitoa damu ya ulimi kwa miiba ya mmea wa mkonge.

Katika sikukuu ya [[Thaipusam]], [[Wahindu]] wa [[Kitamil]] wanaomheshimu mungu Murugan hutimiza nadhiri kwa kupitisha mkuki mdogo wa chuma katika ulimi au mashavu. Sikukuu hiyo huadhimishwa nchini [[Uhindi]], [[Malaysia]] (hasa kwenye mapango ya Batu karibu na [[Kuala Lumpur]]), [[Singapuri]], [[Morisi]] na [[Afrika Kusini]]. Mkuki huondolewa ibada inapokwisha, na tundu huachwa lizibe.

Katika [[Afrika ya Mashariki]] kutoboa mwili kwa pambo ni desturi ya zamani, lakini mahali pake si ulimi. Wanawake wa pwani wamevaa kipini puani na mapambo makubwa masikioni, [[Wamaasai]] wametoboa na kurefusha ndewe za masikio, na wanawake wa [[Wamakonde|Kimakonde]] walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu.

Kipini cha ulimi kinachovaliwa kila siku ni jambo la mwisho wa [[karne ya 20]]. Kilitokana na maduka ya kutoboa mwili yaliyoanza [[Marekani]]. Jim Ward alifungua duka la Gauntlet huko West Hollywood, [[California]], mwaka 1978, na hapo zikakuzwa mbinu nyingi zinazotumika hadi leo. Elayne Angel, aliyefanya kazi Gauntlet kabla ya kufungua duka lake mjini [[New Orleans]], ni mmoja wa walioeneza kutoboa ulimi. Mwaka 1994 kilianzishwa chama cha watoboaji, Association of Professional Piercers, ambacho hutoa miongozo ya usafi na utunzaji. Katika miaka ya 1990 mtindo huo ulienea kwa vijana wa nchi nyingi, na aina nyingine, zikiwemo macho ya nyoka, zilifuata baadaye.

## Jinsi inavyofanyika

Katika duka linalofuata kanuni za usafi, mtoboaji huanza kwa kuuliza kuhusu afya ya mteja na kuutazama ulimi wake. Hukagua urefu na unene wa ulimi, mahali zilipo vena, na namna ulimi unavyokaa kwenye meno. Watu wengine hukataliwa katika hatua hii kwa sababu ulimi wao ni mfupi mno au vena zimepita mahali pasipofaa.

Mteja husukutua kwa dawa ya kuua vijidudu. Mtoboaji huvaa glavu mpya, hutia alama, hushika ulimi kwa koleo maalumu, kisha hupitisha sindano yenye uwazi ndani. Sindano hutumika mara moja tu na kutupwa. Koleo na kipini husafishwa kwa mashine ya mvuke wenye shinikizo, iitwayo otoklevu. Bastola ya kutogea masikio haifai kabisa kwa ulimi, kwa kuwa hulazimisha pambo butu kupenya tishu na haiwezi kusafishwa vizuri.

Kwa kawaida ganzi ya sindano haitumiki. Tendo lenyewe huchukua sekunde chache, na wengi husema maumivu ya siku zinazofuata ni makubwa kuliko ya kutobolewa.

Kipini cha wima cha mwanzo huwa na unene wa mm 1.6 hivi, na urefu wake huzidi unene wa ulimi ili kuacha nafasi ya uvimbe. Urefu wa mm 18 hadi 22 ni wa kawaida. Metali inayopendekezwa zaidi ni [[titani]] ya kiwango kinachotumika katika vipandikizi vya upasuaji, kwa kuwa haina [[nikeli]], metali inayowasumbua watu wengi wenye mzio.

Kwa macho ya nyoka, kipini ni chembamba zaidi au sawa na hicho, na mara nyingi kimepinda kidogo. Hapa pana tatizo tangu mwanzo. Kipini kikiwa kirefu ili kutosheleza uvimbe, vitufe vyake hugonga meno ya mbele na pembeni. Kikiwa kifupi, ncha inayovimba hukibana na vitufe vinaweza kuzama ndani ya nyama.

## Kupona

### Siku ya 1 hadi ya 5

Ulimi huanza kuvimba saa chache baada ya kutobolewa. Uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 5, na ulimi unaweza kuonekana umeongezeka sana ukubwa. Mtu huzungumza kwa shida, mate humjaa, na kumeza humpa taabu. Damu kidogo na michubuko ya rangi ya zambarau ni vya kawaida.

### Wiki ya 1 na ya 2

Uvimbe hupungua. Majimaji meupe au ya manjano hafifu hutoka kwenye tundu na kuganda juu ya kipini. Hayo ni [[limfu]] na chembe zilizokufa, si [[usaha]]. Ulimi wenyewe unaweza kuwa na utando mweupe kuzunguka tundu.

### Wiki ya 2 hadi ya 8

Katika aina ya wima, uvimbe ukiisha kipini kirefu cha mwanzo hubadilishwa na kifupi zaidi, kwa kawaida kati ya wiki ya 2 na ya 4. Hatua hii huchukuliwa na wengi kama jambo la urembo tu, lakini ndiyo inayolinda meno kuliko nyingine yoyote. Kipini kirefu kikiachwa, hufikia meno na ufizi kwa urahisi na mtu huanza kukitafuna bila kujua.

Tundu la wima hupona kwa wiki 4 hadi 8 kwa watu wengi. Maumivu huisha mapema zaidi, na hapo ndipo wengi hukosea. Kutoumwa hakuna maana kwamba njia ya ndani imekwisha kujengeka. Kipini kikitolewa wakati huo, tundu linaweza kuanza kuziba kwa muda wa saa chache.

### Tofauti ya macho ya nyoka

Macho ya nyoka mara nyingi huhitaji miezi kadhaa, na mengine hayaponi kabisa. Kila mtu anapozungumza au kula, nusu mbili za ulimi hujaribu kusogea kivyake huku kipini kikizizuia. Mvutano huo hulifanya tundu liwe kidonda kinachofunguliwa kila siku. Mwili hujibu kwa kukisukuma kipini polepole kuelekea juu au mbele, mahali ambapo nyama ni nyembamba zaidi. Dalili zake ni ngozi ya juu kuwa nyembamba na nyekundu, kipini kuonekana kupitia ngozi, na umbali kati ya vitufe kupungua. Ukifika hapo, kusubiri huongeza ukubwa wa kovu tu, na ushauri wa kawaida ni kukiondoa.

## Utunzaji

Miongozo ya utunzaji inafanana katika mambo ya msingi:

* Kusukutua baada ya kula na kabla ya kulala, kwa maji ya chumvi au dawa ya kusukutua isiyo na alkoholi. Maji ya chumvi hutengenezwa kwa robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja (ml 240 hivi) cha maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Chumvi nyingi zaidi huunguza kidonda badala ya kukisaidia.
* Kutozidisha. Kusukutua kwa dawa mara nyingi mno huua bakteria wa kawaida wa kinywa, na [[fangasi]] hupata nafasi ya kuota.
* Baridi. Vipande vidogo vya barafu safi na vinywaji baridi hupunguza uvimbe. Kulala kichwa kikiwa juu ya mito husaidia katika siku za kwanza.
* Chakula laini kilichopoa, kama uji, mtindi, ndizi zilizopondwa au supu. Pilipili, achari, vinywaji vya moto na vyakula vikavu vyenye ncha kali huahirishwa. Chakula huwekwa moja kwa moja kwenye magego kwa vipande vidogo.
* Mswaki mpya wenye nywele laini, na kupiga mswaki mara 2 kwa siku.
* Kuepuka sigara, tumbaku ya kutafuna, mirungi, ubani wa kutafuna na pombe mpaka kidonda kipone.
* Kutobusiana kwa mdomo na kutofanya [[ngono]] ya mdomo katika muda wote wa kupona, kwa kuwa kidonda ni mlango wa vijidudu.
* Kutochezea kipini kwa meno au vidole. Vitufe hukazwa kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni, angalau mara moja kwa siku, kwa sababu hulegea na vinaweza kumezwa au kuvutwa kwenye njia ya hewa.

## Madhara

### Meno na ufizi

Madhara haya ndiyo ya kawaida zaidi, na huja polepole bila maumivu. Kitufe cha metali hugonga meno maelfu ya mara, na gamba gumu la jino hupata nyufa au kumeguka. Kitufe kinachosugua nyuma ya meno ya mbele ya chini huufanya ufizi ushuke na mizizi ya meno ibaki wazi. Ufizi uliopotea kwa namna hiyo haurudi wenyewe.

Utafiti wa watu wazima 52 waliotobolewa ulimi, uliochapishwa Marekani katika Journal of Periodontology mwaka 2002, ulionyesha nguvu ya muda na urefu wa kipini. Kati ya waliovaa vipini virefu kwa miaka 2 au zaidi, 50% walikuwa na ufizi ulioshuka. Kati ya waliovaa kwa miaka 4 au zaidi, 47% walikuwa na magego yaliyomeguka.

Katika macho ya nyoka vitufe viwili hukaa karibu na meno ya mbele wakati wote, hata mdomo ukiwa umefungwa. Hakuna urefu wa kipini unaoweza kuviweka mbali nayo.

### Maambukizi

Kinywa kina bakteria wengi, na maambukizi madogo hutibika yakiwahiwa. Machache huwa ya hatari. Mwaka 1997 British Dental Journal lilieleza kisa cha mgonjwa aliyepata [[anjina ya Ludwig]] baada ya kutobolewa ulimi. Ugonjwa huo ni maambukizi yanayoenea haraka kwenye sakafu ya kinywa na shingo, na uvimbe wake unaweza kuziba njia ya hewa. Mwaka 2003 jarida la Clinical Infectious Diseases lilichapisha kisa cha jipu la ubongo lililohusishwa na tundu la ulimi. Kwa watu wenye kasoro za moyo, bakteria wakiingia katika damu wanaweza kushambulia utando wa ndani wa moyo.

Vifaa visivyo safi vinaweza kueneza [[homa ya ini]] ya aina B na C, [[VVU]] na [[pepopunda]]. Kwa sababu hiyo huduma za damu katika nchi nyingi humtaka mtu aliyetobolewa karibuni asubiri kwa miezi kadhaa kabla ya kuchangia damu.

### Damu na neva

Sindano ikikata ateri, damu huweza kutoka kwa wingi au kukusanyika ndani ya ulimi. Ikijeruhi neva, sehemu ya ulimi hufa ganzi au ladha hubadilika, kwa muda au moja kwa moja. Mwaka 2006 jarida la [[JAMA]] lilieleza kisa cha msichana wa umri wa miaka 18 nchini [[Italia]] aliyepata maumivu ya uso yaliyofanana na mshtuko wa umeme. Dawa hazikumsaidia vya kutosha, lakini maumivu yaliisha siku chache baada ya kipini kuondolewa.

### Dalili za kwenda hospitali mara moja

* kupumua au kumeza kwa shida
* uvimbe chini ya taya au shingoni
* homa, kutetemeka au maumivu makali ya kichwa
* damu isiyokoma baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi
* uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya 5
* usaha mzito wenye harufu mbaya
* kitufe kilichozama ndani ya nyama

Tundu likiwa na maambukizi, haishauriwi mtu akitoe kipini mwenyewe kabla ya kumwona mganga. Tundu linaweza kujifunga haraka na usaha ukabaki ndani.

## Kwa nini watoboaji wengi hukataa

Watoboaji wanaokataa kufanya macho ya nyoka hutoa sababu tatu. Ya kwanza ni kufungwa kwa nusu mbili za ulimi, jambo linaloathiri matamshi na ulaji kwa muda wote kipini kinapovaliwa. Ya pili ni kugusana na meno kusikoepukika. Ya tatu ni wingi wa vipini vinavyosukumwa nje na mwili, vikiacha kovu kwenye sehemu ya ulimi yenye hisia nyingi.

Anayependa sura ya vitufe viwili huweza kushauriwa jozi ya wima, ambapo kila upande una kipini chake. Ulimi hubaki huru kusogea, na vipini vinaweza kufupishwa baada ya uvimbe kuisha. Hata hivyo jozi hiyo nayo hupita kwenye misuli na huhitaji mtoboaji mwenye uzoefu.

## Wasiofaa kutobolewa

Kutoboa ulimi kwa aina yoyote hakushauriwi, au kunahitaji kwanza ruhusa ya daktari, kwa watu wenye kasoro ya moyo au vali bandia, ugonjwa wa kutoganda kwa damu, [[kisukari]] kisichodhibitiwa au kinga dhaifu ya mwili, na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande. Wajawazito hushauriwa wasubiri. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ufizi, kipini huharakisha kupotea kwa ufizi uliobaki.

## Kuondoa kipini

Tundu la ulimi huziba upesi. Jipya huanza kuziba ndani ya saa chache, na hata la miaka kadhaa linaweza kusinyaa kwa siku chache. Baada ya hapo hubaki shimo dogo au kovu gumu ambalo kwa kawaida halisumbui. Baada ya macho ya nyoka kovu linaweza kuwa refu, hasa kama kipini kilikuwa kimeanza kusukumwa nje.

Kipini huondolewa pia kabla ya [[upasuaji]] wa kulazwa usingizi, kwa sababu kinaweza kutoka mrija unapoingizwa kooni, na kabla ya baadhi ya picha za kichwa na taya, ambapo metali huficha sehemu zinazochunguzwa.

## Sheria na msimamo wa madaktari

Vyama vya madaktari wa meno vya Marekani na [[Uingereza]] havishauri kutoboa kinywa kwa namna yoyote. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa mwaka 2017 ripoti yake ya kwanza kuhusu [[chale]] za rangi na kutoboa mwili kwa vijana, kikisisitiza kwamba kijana azungumze na daktari kabla ya kuamua.

Katika [[Welisi]], Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 2017 iliuingiza ulimi katika orodha ya sehemu za siri za mwili ambazo mtu wa chini ya umri wa miaka 18 hapaswi kutobolewa. Katazo hilo lilianza kutumika tarehe 1 Februari 2018, na linasimama hata kama mzazi ameridhia. Kwingineko sheria hutofautiana. Nchi na majimbo mengine hudai idhini ya mzazi, na mengine hayana kanuni maalumu kuhusu ulimi.

## Matumizi ya kitiba

Kipini cha ulimi kimewahi kutumika kwa faida ya wagonjwa. Watafiti wa chuo cha Georgia Tech huko [[Atlanta]], Marekani, walibuni mfumo unaomwezesha mtu aliyepooza mikono na miguu kuendesha kiti cha magurudumu au kompyuta kwa kusogeza ulimi. Kipini chenye [[sumaku]] huvaliwa kwenye tundu la wima, na vihisi vilivyo kichwani husoma mwendo wake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 katika Science Translational Medicine yalionyesha kwamba washiriki waliopooza waliweza kutoa amri haraka zaidi kuliko kwa mfumo wa kawaida wa kunyonya na kupuliza mrija.

Mfumo huo hutegemea ulimi kuwa huru kwenda kila upande. Ndiyo sababu tundu lililochaguliwa ni la katikati, mahali ambapo kipini hakizuii nusu yoyote.

## Tazama pia

* [[Ulimi]]
* [[Jino]]
* [[Kipini]]
* [[Ndonya]]
* [[Thaipusam]]